Waingereza Husindikiza kwa Macho

Vijana wa ukalimani, siku mliponiaga kwa soda na mikate pale Butembo, mliniomba niwaachie siri ya kazi. Mmoja wenu alikuwa ameshatoa simu, tayari kunirekodi. Nikasema nitaandika, maana mdomo wangu umebeba maneno ya watu wengine kwa miaka mingi, na ukipewa ruhusa ya kusema ya kwake, huzidisha. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vyangu vilikuwa viwili tu: mbele yangu niliitwa Madame Masika, nyuma yangu niliitwa ule mama wa Kiingereza. Siri mliyoiomba ni kitenzi kimoja cha Kiingereza, see off. Mnakijua, najua. Mnakijua kama mtu anavyomjua jirani wa kusalimiana naye tu.

Nilianza kazi kama mwalimu wa sekondari. Siku ya kwanza nilikabidhiwa chaki, darasa lililojaa mpaka dirishani, na kitabu kimoja ambacho panya walikuwa wamekula kurasa za mwanzo. Somo la salamu lilikuwa tumboni mwa panya. Kwa hiyo wanafunzi wangu walijifunza kuagana kabla ya kujifunza kusalimiana, na wapo watu wazima Butembo mpaka leo ambao wakikutana na mzungu humwambia kwaheri kwanza. Sentensi ya kwanza iliyosalia ilisema kwamba tulikwenda stesheni, to see him off.

Basi nikaeleza. Waingereza wana vitenzi vyenye mkia. Chukua see, ambayo kila mtu anajua ni kuona. Ifungie mkia wa off, na sasa haioni tena: inakwenda na msafiri mpaka pale safari yake inapoanzia, inamuaga, inabaki imesimama mpaka atoweke. Na msafiri huyo ukimtaja kwa kifupi, unamweka katikati, see him off, kama mtoto aliyebanwa kati ya baba na mama kwenye pikipiki. Ukimtaja kwa jina lake lote, Kambale au Katungu, unaweza kumkalisha hata nyuma. Vitabu vingine huongeza kwamba neno hilo hilo ni kumfukuza mwizi au mbwa. Hilo halikuwashangaza wanafunzi wangu. Kwetu pia, mgeni akizidi kukaa, njia ya adabu ya kumtoa ni kuinuka na kusema unamsindikiza.

Tatizo lilikuwa stesheni. Butembo hatuna treni, na darasa zima lilitaka kujua watu wale wanafanya nini pale. Nikasema wanapunga mkono. Wakauliza, halafu? Nikasema treni inaondoka. Wakauliza, halafu? Sikuwa na halafu nyingine.

Halafu hiyo niliipata Beni. Jumamosi nilikuwa nikishuka huko kuwafundisha wafanyabiashara waliotaka Kiingereza cha kununulia mali Kampala na Dubai. Miongoni mwao alikuwepo Haji Yusufu, mzee wa malori yaliyokuwa yakipanda Eringeti kuelekea Ituri, mtu mwenye kanzu safi na vidole vyenye grisi. Haji alikisikiliza see off changu mpaka mwisho, akakunja uso.

"Madame, donc bale batu banamuangaliaka tu na macho? Hapana kutembea naye?"

"Ni vile, Haji. Wanapunga mkono."

"Masikini. Bazungu banasindikizaka na macho. Siye na miguu."

Darasa lilicheka, mimi nikaandika ubaoni, nikadhani somo limekwisha. Lakini Haji alikuwa ananipima. Wiki iliyofuata aliniita nyumbani kwake, mtaa wa Bungulu, nimtafsirie. Alikuwa na mgeni kutoka Uganda aliyekuwa akiuza injini mbili za lori, na Haji alitaka moja. Tulikaa sebuleni, chai ikaja, vitumbua vikaja. Mgeni akasema injini zote mbili ni nzuri sana. Haji akasema Mungu ashukuriwe. Mgeni akasifu vitumbua. Haji akasema Mungu ashukuriwe tena. Nilitafsiri adabu mpaka taya zikaniuma, kisha mgeni akainuka, Haji akainuka, nami nikabaki nimekaa nikikusanya mkoba wangu, kwa sababu mazungumzo yalikuwa yamekwisha bila mtu kusema lolote. Haji akarudi mlangoni.

"Madame, unabakia kufanya nini? Kazi njo inaanza."

Kumbe kazi ndiyo kwanza inaanza; nikawafuata. Tulipita geti, tukapita kibanda cha mshona viatu, wao wawili mbele polepole, mikono nyuma. Wakaongea juu ya vumbi. Wakaongea juu ya watoto. Tulipoiona barabara kubwa, yule Mganda akapunguza mwendo, akamwambia Haji, kama anayekumbuka kitu kidogo, kwamba kama angekuwa yeye angechukua ile injini ya bluu, maana ile nyingine iliwahi kuingia maji. Haji akashukuru. Wakaagana kwa kupigana mabega na kucheka.

Tukiwa tunarudi, Haji akanieleza kazi yangu. Ndani ya nyumba, alisema, mtu amezungukwa. Kuna mke, kuna picha za wazazi ukutani, kuna chakula cha mwenyeji mdomoni. Atasema nini zaidi ya adabu? Lakini akisindikizwa, macho yenu hayatazamani, mnatazama njia moja, na dakika za kusema zinakwisha. "Kama iko na neno, litatoka tu. Lisipotoka pale, halitatoka tena." Huyo ndiye mwalimu wangu wa ukalimani, vijana. Wengine wote walinifundisha maneno.

Tangu hapo chombo changu cha kazi hakikuwa kamusi, kilikuwa viatu visivyo na kisigino. Nilipoacha ualimu nikaanza kuzunguka na wageni wa miradi, na wageni wa miradi huja kwa jeep. Sasa jeep ni adui wa ukalimani kuliko lafudhi mbaya. Mara moja kule Lubero tulimtembelea chifu kuhusu chemchemi ya maji. Dereva aliegesha pua ya gari karibu ibusu mlango. Mazungumzo yakaisha, mgeni wangu akapunga mkono, akaruka ndani, na chifu akabaki amesimama na nusu ya sentensi mdomoni. Mimi nikajifanya nimesahau mwavuli. Nikarudi, nikatoka polepole na chifu nikiutafuta mwavuli ambao sikuja nao, na kabla hatujaukosa vizuri akaniambia kwamba chemchemi ile hukauka kila kiangazi, ila lilikuwa jambo la aibu kumwambia mtu aliyetoka mbali hivyo kuja kuipenda.

Baada ya hapo nikawa na desturi. Popote tulipokwenda, nilimwomba dereva aegeshe mbali. Dereva wangu wa miaka mingi, Kasereka, alilichukia jambo hilo.

"Madame, gari inabakia kule mbali, juu ya nini? Iko na haya?"

"Ninyooshe miguu, Kasereka."

"Mais nyoosha miguu ndani ya gari! Kiti iko na nafasi!"

Wakati wa kwenda mwendo ule ulikuwa mateso tu, kwa jua au kwa tope. Faida yote ilikuwa ya kurudi. Wageni wangu wengine walidhani napenda mazoezi. Mmoja aliniletea viatu vya kukimbilia, Mungu ambariki, bado ninavyo.

Sasa nifike Mangina, kule karibu na Beni, kwa sababu mengine yote ni michezo, na hili halikuwa mchezo.

Ilikuwa wakati wa Ebola. Nilitumwa kumkalimania daktari mmoja, Ruth, mwanamke mrefu asiye na maneno mengi, mwenye mabuti makubwa kuliko ya Kasereka. Kazi yetu ilikuwa kupita kila siku katika nyumba za watu waliowahi kumgusa mgonjwa, kuwapima joto, kuuliza wameamkaje. Hakuna kupeana mkono, hakuna kukaa, hakuna kula. Kwa watu wetu, mgeni anayesimama uani, anakataa kiti na chai na kukuelekezea kifaa usoni ni polisi, hata akitabasamu. Ruth alitabasamu sana, maskini. Na kwa sababu ya usalama, gari liliegeshwa mlangoni kabisa, pua ikitazama barabara, tayari kwa mbio.

Katika nyumba tulizopita ilikuwepo ya Papa Kambale, mkulima wa kakao. Mdogo wake alikuwa amekufa kwa ugonjwa ule, na aliyefua nguo za marehemu alikuwa binti yake Kambale, Kavira, msichana aliyekuwa akishona kwa cherehani. Kila mtu nyumbani alikuwepo kupimwa isipokuwa Kavira. Siku ya kwanza Papa Kambale alisema yuko shambani. Siku iliyofuata alikuwa kanisani. Kisha akasema ameenda Eringeti kwa shangazi. Kila jibu lilitolewa kwa heshima kubwa, na kila jibu nililitafsiri jinsi lilivyo, na tulipokuwa tukigeuka mzee alifungua mdomo, mlango wa jeep ukalia, akafumba mdomo.

Daktari Ruth aliniambia wazi ndani ya gari: kama msichana yule ameanza kuugua na amefichwa, kila siku inayopita inampunguzia nafasi ya kupona, na yule anayemuuguza atafuata. Hakuwa amekasirika, alikuwa na hofu. Akaniuliza kama naona tunakosea wapi. Nikamwambia hatumpi mzee nafasi ya kutusindikiza.

Wengine wangecheka. Ruth akataka nimweleze, nikamweleza Haji na injini ya bluu. Siku ile ile akazungumza na mkubwa wa usalama, na kesho yake gari likaachwa karibu na depo ya kakao, mwisho wa mtaa, Kasereka ndani yake akinung'unika mpaka tukamsikia tukiwa mbali.

Tukapima joto, tukaaga, tukaanza kutembea. Papa Kambale alitutazama tukienda, kama asiyeamini kwamba hatuna gari la kuruka ndani. Kisha nikasikia ndala zake nyuma yetu. Akaja kando, mbali kidogo, kama sheria ya wakati ule ilivyotaka. Akaongea juu ya mvua. Akaongea juu ya kakao inayooza mtini. Ruth, bila mimi kumfundisha, alikuwa ameweka mikono nyuma na kupunguza mwendo wa yale mabuti. Tulipofika kwenye depo mzee akasimama.

"Docteri. Ule mutoto hapana kwenda Eringeti. Iko hapa hapa, mu kikoni ya dada yangu. Tangu jana mwili inawaka moto."

Niliposema kwa Kiingereza kwamba yuko jikoni kwa shangazi yake, Ruth hakuuliza kwa nini amedanganya. Aliuliza kwa nini anaogopa.

"Siogope hospitali, docteri. Nimeona batu banapona kule. Mais ile gari yenu inakuja, bale ba manguo meupe banabeba mutu sawa muzigo, mulango pa! imeenda. Hakuna mwenye kumusindikiza. Siye, hata mufu tunamusindikizaka. Mwizi tu njo anaendaka peke yake. Mutoto wangu hakuiba kitu."

Nikatafuta Kiingereza chake. Nikasema, he wants to see her off. Ruth akajibu upesi kwamba bila shaka, anaweza kusimama pale getini kumuaga. Nikamwambia hapana, hilo ni lenu la stesheni. Huyu baba anataka kutembea naye. Neno lenu linaishia pale ambapo letu linaanzia. Ruth akaitazama njia ndefu inayokwenda kituo cha matibabu. Akapiga simu, akabishana na mtu, akasikiliza, akabishana tena. Alipomaliza akaniambia nimwambie mzee kwamba ambulensi itakuja, na itakwenda kwa mwendo wa miguu.

Nimeshuhudia misafara ya mawaziri, vijana, na sijaona wenye fahari kama ule. Ambulensi mbele, ikitambaa, dereva wake amekasirika kama Kasereka wawili. Nyuma, mtu wa kupulizia dawa na pampu yake mgongoni, akiwapanga watu waachane nafasi. Kisha Papa Kambale, mke wake, mashangazi, majirani, wauza ndizi walioziacha ndizi zao. Mama mmoja akaanzisha wimbo wa kanisani, wengine wakaitikia. Kavira alikuwa amelazwa kichwa kimeinuliwa, na kupitia kioo cha nyuma alituona sote. Ruth alitembea pamoja nasi.

Mnajua sheria ya kwetu: anayesindikiza harudi kwa hiari yake. Anayesindikizwa ndiye humwambia inatosha, rudi. Pale kanisani Kavira aliinua mkono kwa shida, akawaonyesha majirani ishara ya kurudi, wakarudi. Kwenye daraja akawaonyesha mashangazi, wakarudi wakilia. Mbele kidogo akamwonyesha mama yake, kwa sababu ya wadogo zake waliobaki nyumbani. Akabaki baba. Kavira alimtazama baba yake kupitia kile kioo, na mkono haukuinuka. Mzee akatembea mpaka mlango wa kituo, mlango ukafungwa, bado hajaambiwa.

Basi hakurudi. Mama mmoja aliyekuwa akiuza mandazi ng'ambo ya uzio alimwazima kiti cha plastiki, na Papa Kambale akakaa. Walinzi wakamfukuza. Akasogeza kiti hatua chache, akakaa tena. Wakamuuliza anataka nini.

"Mutoto hajaniambia nirudie."

Mke wake alimletea chakula. Kakao yake ilivunwa na shemeji zake, vibaya, alisema. Kila asubuhi Ruth alipofika alipita kwanza pale kwenye kiti, nami nikatafsiri habari. Mwanzoni habari zilikuwa za wastani. Kisha zikawa mbaya. Ikafika asubuhi ambayo Ruth alisimama mbele ya mzee. Akasema tu kwamba Kavira anapambana. Nikatafsiri. Mzee akauliza:

"Amesema nirudie?"

Ruth akatikisa kichwa. Hapana, hajasema kitu.

"Basi hatujaagana," alisema mzee. "Nitangoja."

Mimi nilikwenda nyuma ya gari nikalia. Kasereka alinipa kitambaa cha kufutia kioo, kilichonuka petroli, na kwa mara ya kwanza hakulalamika juu ya chochote.

Baada ya siku kadhaa Kavira akaonekana. Upande wa ndani wa uzio, mbali, akiwa ameshikwa na muuguzi aliyevaa nguo zote zile, amekonda, kitambaa kichwani. Papa Kambale aliinuka, kiti kikaanguka. Kavira akafungua mdomo.

"Nyamaza!" mzee akapaza sauti mpaka mama wa mandazi akaruka. "Usiseme kitu! Ukisema nirudie, mimi sisikie!"

Kavira akacheka. Alicheka mpaka muuguzi akamkalisha chini. Tangu siku hiyo kila alipoletwa kwenye uzio alijifanya anataka kusema, na baba yake akaziba masikio, na walinzi wale wale waliokuwa wakimfukuza wakawa wanakuja kuangalia mchezo huo.

Siku alipotolewa, damu yake ikiwa safi, kulikuwa na cheti, kulikuwa na makofi, kulikuwa na gari lililotengwa kumpeleka nyumbani. Wauguzi waliokuwa wamejificha ndani ya mavazi yao walitoka na nyuso zao, akawaona kwa mara ya kwanza. Alimshukuru kila mmoja kwa Kinande, wasingya, wasingya. Kisha akalipita gari, akavuka barabara, akasimama mbele ya kile kiti. Mzee hakuinuka. Alikuwa ameshika magoti yake kwa mikono yote miwili, anamtazama.

"Baba," Kavira alisema. "Turudie."

"Umesema?"

"Nimesema."

Papa Kambale akainuka, akakipangusa kiti kwa kiganja, akamrudishia mama wa mandazi, akasema aksanti, na wakaenda nyumbani kwa miguu.